Mbao Kumi na Moja za Mama Msasa

Pale kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Kuanzia mlinzi wa getini hadi meneja, wote walimwita Mama Msasa, na kwa miaka ishirini na sita hakuna meza wala kabati lililokwenda kwa mteja bila kupita mikononi mwake. Alisugua mbao kwa msasa, akapaka vanishi, akasugua tena, akapaka tena, mpaka uso wa mbao utulie. Vidole vyake vililainika kiasi kwamba ile mashine ya kusoma alama za vidole getini ilimkataa, ikawa kila asubuhi mlinzi anamwandika kwa kalamu.

"Wewe Mama huna vidole, una vijiko," mlinzi alimtania.

Akitaka kukagua kazi yake, alichuchumaa hadi jicho likawa sawa na uso wa meza, akautazama kuelekea dirishani. Ukisimama wima, alisema, unaiona mbao. Ukiinama unauona mwanga, na mwanga haumstahi mtu. Mkwaruzo mwembamba kama unywele aliuona papo hapo.

Mumewe alifariki mapema, akamwachia binti mmoja. Alimsomesha kwa kazi hiyohiyo ya vumbi la mbao. Binti akasomea kutengeneza picha kwa kompyuta, zile zinazofanya kitu ambacho hakijaundwa kionekane kama kimepigwa picha. Alipomaliza, Mama Msasa mwenyewe alimwendea meneja kumwombea kazi, na binti akapewa nafasi ghorofani, achore samani za kuonyeshwa wateja kwenye tovuti.

Picha za kwanza zilimtia aibu. Meneja aliitazama ile ya meza ya kulia chakula, akauliza mbele ya watu, "Hii ni meza au kipande cha sabuni?"

Jumapili ile binti alifungua kompyuta nyumbani.

"Mama, hebu angalia. Nimekosea wapi?"

Mama Msasa akavaa miwani. "Dirisha liko upande gani hapo?"

"Kushoto."

"Sasa mbona meza inang'aa sawasawa kila mahali? Na kona hizi nani kazikata hivi? Mimi kila kona naipitishia msasa, inakuwa duara kidogo, ndipo inashika ule mstari mwembamba wa mwanga. Yako haina mstari."

Binti akaandika. Alimweleza mama yake kwamba ndani ya programu kuna namba ya kupima uso wa kitu. Ikiwa sifuri, uso ni kama kioo: mwanga unagonga na kurudi upande mmoja. Ikiwa moja, uso unaparuza kama chaki: mwanga ukigonga unatawanyika kila upande. Yeye alikuwa amepotea katikati.

"Hapo katikati ndipo ninapofanyia kazi mimi," mama akasema. "Subiri nikutengenezee."

Alichukua ubao mmoja wa mahogani akaukata vipande kumi na moja, vya kupanda hatua kwa hatua kutoka chaki hadi kioo. Cha kwanza alikiacha kama kilivyotoka kwenye randa. Cha mwisho ungeweza kuchania nywele ukijitazama ndani yake. Kila kipande alikipaka vanishi nusu, binti aone kwamba vanishi ina mng'ao wake juu, mweupe kama dirisha lenyewe, na chini yake mbao ina mng'ao wake mwekundu, unaohama ukisogeza kichwa kwa sababu nyuzi za mbao hazilali upande mmoja. Kipande kimoja alikipapasa kwa kiganja wiki nzima, mahali palepale.

"Hiki cha nini?" binti aliuliza.

"Meza inashikwa na watu, mwanangu. Pale mkono unapokaa sana, mng'ao unabadilika. Yako haijawahi kuguswa na mtu."

Jumapili zilizofuata waliziba madirisha kwa mablanketi mchana kweupe. Mama alishika ubao, binti akasogeza taa shubiri moja, akapiga picha, akasogeza tena. Magoti ya mama yaliuma lakini alicheka sana siku hizo. Baadaye ndizo alizozikumbuka kuliko zote, na kuzikumbuka ndiko kulikomchoma.

Picha mpya ilipotoka, mteja mmoja alipiga simu kuuliza nyumba yenye meza ile iko wapi, akaione kwa macho yake. Mwenye kiwanda akaitisha mkutano ukumbini. Mama Msasa aliambiwa aje kufuta viti, akabaki mlangoni na kitambaa chake. Binti alieleza yote: kona, mstari wa mwanga, ming'ao miwili, alama ya kiganja.

"Umeyajulia wapi haya?" mwenye kiwanda akauliza.

Binti aliitazama skrini. "Ni utafiti wangu, mzee."

Watu wakapiga makofi. Mama Msasa naye alipiga, kitambaa kikiwa mkononi, makofi yasiyotoa sauti.

Walipofika karibu na mlango wa nyumbani, binti akasema: "Mama, ningewaambia ni wewe, wangeniona sijui kazi."

"Sawa," mama akajibu.

Haikupita miezi minane Mama Msasa akapewa barua ya kuachishwa kazi. Samani sasa zingetengenezwa kwa unga wa mbao ulioshindiliwa na kuvikwa karatasi iliyochapishwa sura ya mbao. Sura hiyo ilitoka kwenye picha za vile vipande kumi na moja. Chumba cha vanishi kilifungwa, na watu sita wakamwaga unga, yeye mmoja wao.

"Si kwamba kazi yako ni mbaya, Mama," meneja alimwambia. "Ila uso sasa unakuja tayari."

"Uso wa nani?"

Meneja akamwonyesha mahali pa kutia sahihi.

Jioni Mama Msasa alimkuta binti jikoni. "Ulijua?"

"Mama, mimi nilidhani watakuhamishia..."

"Nimekuuliza, ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Miezi miwili."

Mama Msasa akavua viatu, akaingia chumbani. Binti, aliyekuwa amejiandaa kwa kelele, akabaki amesimama na mwiko mkononi.

Mwaka ule binti alihama, akaenda kuishi peke yake. Mama akapata kibarua kwa fundi wa majeneza. Alisugua kama alivyozoea, ingawa kule hakuna mteja aliyechuchumaa kuangalia mng'ao. Siku moja gari lilimletea kabati, zawadi kutoka kwa binti. Lilikuwa na milango minne, na kwenye kila mlango fundo moja la mbao, lilelile, mahali palepale. Alilifahamu fundo lile. Siku tatu alikuwa amelisugua, kwenye kimoja cha vile vipande kumi na moja. Akalifunika kabati kwa shuka.

Kisha binti akaja mwenyewe, kompyuta kwapani, amekonda.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Nina picha ya bango kubwa. Kesho inachapishwa. Niangalizie tu, kuna kitu sikioni."

Kilikuwa kitanda chenye droo chini, na droo zina vishikio vya shaba ya njano. Mama Msasa alikiona kosa kabla hata hajavaa miwani. Mbao yenye vanishi hurudisha mwanga wa taa kwa rangi ya taa yenyewe, lakini shaba huutia mwanga rangi yake. Alama ya taa juu ya shaba lazima iwe ya njano. Vishikio vile vilikuwa na alama nyeupe pe, kama plastiki iliyopakwa rangi. Miaka mingapi amevifunga vishikio kama vile kwa mikono yake!

Alitazama muda mrefu. Binti alikuwa anauma kucha.

"Iko sawa," mama akasema.

"Kweli?"

"Iko sawa, mwanangu. Nenda."

Bango likabandikwa njiani, pale anapopita kwenda kwenye majeneza. Siku za mwanzo alisimama ng'ambo ya barabara akiwatazama wapita njia, akingoja hata mmoja atikise kichwa. Watu walitazama, wakaonyeshana kitanda, wakanukuu namba ya simu. Hakuna aliyeona. Mwezi uliofuata binti akafanywa mkuu wa kitengo.

"Lo, binti yako ana mkono wa kazi!" jirani alimwambia, wakiwa wamesimama wote wawili chini ya bango.

"Anao," akasema Mama Msasa, akaenda kazini.