Kitabu Nilichokisoma Kinyumenyume

Harufu ya samaki wa kukaushwa inaponipitia popote pale, kwanza naona aibu, kisha nachanganyikiwa. Ilikuja kijijini kwetu Bombo ndani ya sweta la Zawadi, binti wa mvuvi wa bwawa la Nyumba ya Mungu, aliyeletwa kuishi kwa shangazi yake tukiwa darasa la tano. Mimi ndiye niliyempachika jina la Perege, samaki wa bwawani kwao, na haikupita wiki darasa zima likawa halimwiti vinginevyo. Kisha ikaja siku ya msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima, tukaenda kuzoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Watoto tulipanga mstari tukipokezana ndoo. Zawadi aliponinyooshea ya kwake, niliweka mikono nyuma. "Sipokei, inanuka samaki," nikasema, na wote wakacheka. Akabaki ameishika mpaka mikono ikamtetemeka, nami sikumpokea.

Likizo iliyofuata, katika boksi la vitabu vilivyoletwa kanisani, niliokota kitabu cha katuni za Kijapani kilichoandikwa kwa Kiingereza. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea ruhusa ya kwenda chooni, hivyo nilisoma picha. Nilikifungua kama kitabu cha nyimbo, kutoka kushoto. Picha ya kwanza ilikuwa ya mikono miwili iliyoshikana. Mbele kidogo mvulana mmoja alikuwa akimpigia mwenzake magoti, na mwisho kabisa alikuwa akimmwagia maji ya deki huku darasa likicheka. Nikaelewa nilivyoelewa: kumbe msamaha huombwa kwanza. Nikamfuata Zawadi kisimani. "Zawadi, nisamehe." Akasema, "Haya, nimekusamehe." Kesho yake nikamwita Perege kama kawaida, tena kwa roho nyeupe, maana nilishasamehewa. Alinitazama tu, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikosea wapi.

Kabla shule hazijafunguliwa, mjomba alinipeleka Same, na kwenye banda la video karibu na stendi tukakuta filamu ya hadithi ileile, imewekewa sauti ya Kiswahili. Ilianza na maji ya deki. "Wameigeuza! Kitabuni haya yako mwisho!" nikapiga kelele. Mwenye banda alicheka hadi akashika mbavu. "We mtoto, vitabu vya Wajapani vinaanzia nyuma!" Nilihisi baridi katikati ya joto lote lile. Niliporudi nyumbani nilikisoma upya, safari hii kwa njia yake, na bado hakikunisaidia. Kwenye filamu aliyeonewa alilia, akamkumbatia mwenzake, na muziki ukatuamuru sote tufurahi. Kwenye kitabu kulikuwa na ile mikono tu. Uso wa aliyeonewa haukuchorwa. Sikujua niamini kipi. Nilitaka kumwomba Zawadi msamaha wa kweli, lakini shule ilipofunguliwa nafasi yake kwenye dawati ilikuwa wazi. Baba yake alikuwa amekuja kumchukua.

Siku hizi wanangu hutazama hadithi kwenye simu, na karibu zote huisha kwa kukumbatiana. Wakiniuliza kwa nini sifurahi nao, nawaambia waendelee kutazama. Mwezi uliopita nilimkuta Zawadi sokoni Same, nyuma ya meza ya samaki. Yeye ndiye aliyenitambua kwanza. "Naanjela wa Bombo! Za milimani?" Nikaanza habari za ndoo, kisha nikasema tu anisamehe.

"Si nilishakusamehe?" akasema. "Pale kisimani."

"Lakini baada ya pale nilirudia."

"Najua. Nilikuwepo."

Mteja mwingine akamwita. Akageuka kumjibu, na bila kunitazama akaninyooshea mfuko wa perege niliowachagua. Sikuuona uso wake. Niliupokea kwa mikono miwili, nikabaki nimesimama pale nimeushika.