Roketi Niliyoiuza Bila Kuiona

Mpaka leo, na gari halijawashwa, safari yetu ya kwenda kuona mahali pa kurushia roketi imeshafika shilingi milioni moja, laki tisa na elfu ishirini. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilipata pungufu ya elfu kumi nikafurahi. Mara ya pili nikaikuta: ilikuwa ya picha za pasipoti.

Mahali penyewe ni Ngomeni, mbele ya Malindi, kule Kenya. Kuna majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini kwa miguu yao, na juu yake roketi zilirushwa kupeleka satelaiti angani. Mimi nauza mashuka na mapazia Kariakoo, roketi si biashara yangu. Ni ya mume wangu. Amefundisha jiografia sekondari miaka thelathini na moja, na kila mwaka huchora ubaoni duara la dunia, akapiga mstari wa ikweta katikati, kisha akaweka nukta moja kwenye pwani.

"Hapa," huwaambia wanafunzi. "Siyo Amerika, siyo Urusi. Hapa, jirani kabisa. Ukiwa karibu na ikweta, dunia yenyewe inakusukuma inavyozunguka, kwa hiyo roketi inakula mafuta kidogo."

Hilo la mafuta kidogo alinieleza tukiwa wachumba na nikalielewa hapohapo. Nikajua huyu ni mtu wa kuolewa naye.

Nikamwahidi tutakwenda. Tukaanza kuweka akiba. Safari ya kwanza ililiwa na bati za nyumba yetu ya Magomeni. Ya pili ikaliwa na ada ya chuo ya binti yetu. Ya tatu niliila mimi. Kulikuwa na mzigo wa mapazia kwa bei ya kutupa, nikamwambia, "Mwalimu, mwezi mmoja tu, nazungusha narudisha." Mapazia yalikuwa na rangi ya ugoro. Mengine ninayo mpaka leo. Baada ya hapo hakuuliza tena. Mtu akikuuliza, unaweza kumwomba muda. Asipouliza, huna pa kuanzia.

Mwaka huu akastaafu. Na Kariakoo huwezi kuoa, kuzaa wala kustaafu bila kamati. Wiki haikuisha, jirani yangu wa fremu ya pili, baba mmoja anayeuza ndoo na mabeseni, akawa ameshajipa uenyekiti. Mama anayetuuzia chai na vitumbua akawa mweka hazina, maana yeye anajua kila mtu pale mtaani amekula nini na amelipa nini. Watu kumi na tisa wakachanga. Kikao tulikifanya stoo kwangu, tumekaa juu ya mabelo ya mashuka.

"Ukumbi," mwenyekiti akasema. "Ukumbi, MC, keki, na zawadi ni sofa seti."

"Sofa tunalo," nikasema.

"Sasa mwalimu amestaafu, akae wapi?"

"Akae kwenye gari. Hiyo hela nipeni mimi nimpeleke Ngomeni akaone roketi."

Mama wa chai akashusha kikombe. "Roketi ipi tena, dada?"

Hapo ndipo mdomo wa biashara uliponitangulia. Nikawaeleza inavyonguruma, ardhi inavyotetemeka, moto unavyomwagika chini na moshi unavyotanda. Nikawaambia mtu akiisikia mara moja, majenereta ya Mtaa wa Kongo hayatamsumbua tena maisha yake yote. Vyote hivyo nilikuwa nimevitoa kwenye simu, kwenye video ya nchi nyingine kabisa. Ningekuwa nauza shuka namna ile, leo ningekuwa na ghorofa.

"Inaondoka saa ngapi?" mwenyekiti akauliza. Kichwani mwake roketi ilikuwa imeshapangwa foleni na mabasi ya Tanga.

"Tutaulizia."

"Ulizia mapema, tuwahi kukaa mbele."

Kikao kinakwisha, sofa lilikuwa limekufa, keki imekufa, na sisi tumeshahama kwenye gari dogo la watu watano tumeingia Kosta ya watu ishirini na wanane. Mama wa chai akadai sare ya kitenge. Nikakubali kila kitu. Nikarudi nyumbani nikamwambia mume wangu, "Safari ipo. Kamati imepitisha."

Akaweka kalamu chini akanitazama, kama anayesubiri niseme "lakini". Sikusema. Kesho yake akaenda mwenyewe kupiga picha za pasipoti, akarudi akachora ramani ya njia: Chalinze, Segera, Tanga, mpaka wa Horohoro, kivuko cha Likoni, Malindi. Kila mji ameuandikia kilomita, na pembeni ameweka alama pa kunywea chai.

Sasa, nina mteja wangu wa Mombasa, mama wa makamo, huja kila baada ya miezi miwili kuchukua mashuka. Tumevutana bei miaka kumi na hatujawahi kununiana. Alipokuja safari hii nikampokea kwa maringo.

"Mwezi ujao nakuja kwenu na Kosta nzima. Tunaenda kuona roketi."

"Roketi gani, mamangu?"

"Si ile ya Ngomeni?"

Akaacha kuhesabu mashuka. "Hizo zilikoma zamani! Nilikuwa msichana, na sasa nina wajukuu. Majukwaa yako kule, yamesimama tu baharini, yameshika kutu. Hakuna kitu chaondoka pale."

"Una hakika?"

"Wallahi. Utaona vyuma, na ndege wametua juu." Kisha akaniangalia usoni, akaona upenyo. "Hebu nipunguzie hizi shuka."

Nikampunguzia bila kubisha. Hapo ujue nilikuwa katika hali gani.

Mimi silipii belo mpaka lifunguliwe, nichomoe shuka la katikati nilitazame kwenye mwanga. Sasa mimi huyohuyo nimewauzia watu kumi na tisa roketi ambayo sikuwahi kuiulizia hata kwa simu.

Jioni nilimkuta mume wangu uani anapiga viatu kiwi. Safari ilikuwa bado wiki nne.

"Mwalimu, ulijua kwamba hakuna roketi?"

"Najua. Kila mwaka nawaambia wanafunzi. Miaka zaidi ya thelathini hawajarusha."

"Na mimi mbona hukuniambia?"

Akaendelea na kiatu kimoja mpaka akakimaliza. "Ulisema safari ipo. Nikaogopa nikiongeza neno lolote, utapata sababu ya kuiahirisha."

Nilivuta ndoo nikaigeuza nikaikalia.

"Sasa unaenda kuona nini?"

"Pale mahali. Ile nukta nimeiweka ubaoni miaka yote, na mwenyewe sijafika. Nataka nisimame mbele yake nione."

Asubuhi nikaenda Kariakoo na bahasha yenye michango yote, na orodha. Hesabu yangu ilikuwa fupi: wote wakidai chao, safari ya nne imekufa, na muuaji ni yuleyule aliyeiua ya tatu. Lakini mzigo ukikuta si ule uliomwambia mteja, unamwambia. Nikaanza na mwenyekiti.

Alicheka mpaka akashikilia mnara wa ndoo. "Yaani wewe! Wewe unayenihesabia mimi vifuniko! Umetuuzia mzigo haujafunguliwa!"

"Nimekosa, baba."

"Na mke wangu nilishamwambia nitakaa mbele!" Akajifuta macho. "Mwalimu anasemaje? Bado anataka kwenda?"

"Anataka."

"Basi na mimi naenda. Hivyo vyuma vyenye miguu baharini kwani nimewahi kuviona?"

Mama wa chai alikuwa na swali moja tu. "Kitenge kimeshakatwa?"

"Bado."

"Afadhali, maana ile rangi nilichagua kwa hasira. Mimi nipo. Hela iache humohumo."

Wapo wanne waliochukua chao. Wa kwanza alinyoosha mkono kabla sijamaliza kueleza. "Samahani mama, mimi nilitaka moto." Nikamhesabia, naye akahesabu tena mbele yangu, na nikamheshimu kwa hilo. Wengine watatu walikuwa na shida zao, wakaona aibu kuzitaja, nami sikuwachimba. Wote wanne wamemtumia mume wangu ujumbe wa kumtakia safari njema.

Niliyemwogopa zaidi alikuwa msukuma mkokoteni wetu, mtu mzima mwenye watoto watatu. Mchango wake ulikuwa mdogo kuliko yote, na nilijua ameutoa wapi. Nikamkuta anafunga mzigo wa mteja kwa kamba. Nikamweleza, nikamnyooshea noti zake.

Hakuacha kamba. "Mama, unajua mwalimu amenifundisha?"

"Sikujua."

"Mpaka kidato cha nne. Mtihani wa jiografia nilipata swali moja, lile la ikweta na roketi. Mengine yote chali." Akakaza fundo. "Mimi nilichangia lile swali. Irudishe kwenye bahasha."

Nikairudisha. Nilizunguka nyuma ya mabelo yangu nikajifanya natafuta mkasi. Jioni nilipomsimulia mume wangu, alicheka, kisha akataka kujua alilipata lote au nusu. Nimeagizwa nikaulize.

Kwa hiyo waliobaki ni kumi na watano, na hakuna hata mmoja aliyelifufua sofa. Nimefanya biashara miaka mingi nikidhani najua kila mtu pale mtaani ana thamani gani. Nilikuwa nimewapunja. Nawashukuru wote kumi na tisa, pamoja na wale wanne, maana nao hawakuacha kumtakia mwalimu safari njema. Mume wangu namshukuru kwa namna nyingine, na hiyo nitamwambia mwenyewe njiani, kati ya Segera na Tanga, ambako hakuna duka la kunikatisha.

Kosta tumeiacha, maana wengine hela wameiacha lakini maduka hawawezi kuyaacha. Tunaenda na gari aina ya Noah: mume wangu, mimi, mwenyekiti, mama wa chai na dereva. Mwenye gari anakaa Upanga, alianzia laki na themanini kwa siku, nikamshusha mpaka laki na nusu. Akakubali, akatia sharti: kwenye lami liende popote, kwenye mchanga hapana. Gari likinasa ni juu yangu.

Na hapo ndipo nilipokwama. Lami ya kwenda Malindi na kuendelea mbele hainipi shida, wote wanaisifu. Ila kile kipande cha mwisho, ukiacha barabara kuu kuelekea Ngomeni, kila ninayemuuliza ananijibu lake. Mteja wangu wa Mombasa anasema panapitika, kisha anakiri hajafika. Dereva anasema hapapitiki, naye hajafika pia. Mume wangu haulizi kitu. Anasema tutaona hukohuko, lakini jana nimemkuta anapima kile kipande kwenye ramani kwa uzi, kuona kama mtu wa miaka sitini anaweza kukitembea.

Sitaki atembee, na sitaki aishie kuambiwa kwamba ni palee. Tunaondoka Jumatano. Wewe uliyewahi kufika, nakuomba uniambie kabla ya siku hiyo: Noah yenye watu watano inafika mpaka ufukweni pale yanapoonekana majukwaa, au tuliache gari barabarani tuchukue bodaboda? Na kama ni bodaboda, nitajie bei wanayolipa wenyeji.