Msafiri Haambiwi Msiba

Nilipofika mlangoni kwetu Barani, Malindi, na begi begani, dada yangu Mwanaisha hakunipokea mzigo. Nikamuuliza, "Mama yuko wapi?"

"Kaka, keti kwanza."

Hapo nikajua. Mama alikuwa kaburini, hata arobaini yake imeshasomwa, mimi niko Japani najifunza kuinama.

Kilichonipeleka huko ni ulimi wangu. Shule niliishia darasa la saba, lakini pale hotelini Malindi nikiwa mhudumu wa meza, maneno ya wageni wa Kijapani niliyadaka kama kasuku. Meneja wetu, Kitonga, akanitafutia mafunzo ya lugha na mila huko Japani, msimu mzima wa joto lao. Mama alikuwa na presha. Amu Bakari, mdogo wake marehemu baba, akamwahidi mbele yangu: likizuka jambo, ataniita.

"Basi nenda, baba," mama akasema. "Na ule. Usije ukanirudia mifupa."

Huko nilikaa kwa Mama Fumiko, mjane, katika mji mdogo wenye milima. Asubuhi darasani, jioni nyumbani kwake. Siku ya kwanza nilivua viatu mlangoni kabla hajasema kitu. Akacheka, "Wewe si mgeni." Samaki wake mbichi nilimkataa. Nikamwambia hata paka wa Malindi angeomba ndimu kwanza.

Mwezi wa Agosti nilimwota mama vibaya, nikapiga simu hotelini. Kitonga akapokea mwenyewe. "Mama hajambo," akasema. "Wewe soma. Makundi ya Wajapani yanakuja."

Wiki ile ile wenyeji walikuwa wakiwapokea marehemu wao, ambao huko huaminiwa hurudi nyumbani kila mwaka. Mama Fumiko aliwasha moto mdogo mlangoni ili mumewe aione njia ya nyumbani. Mimi Mwislamu, nikakaa kando kwa adabu.

"Na kwenu umefiwa na nani?" akaniuliza. "Nimtaje pamoja na wangu."

"Baba tu. Mama yu hai."

Akamtaja baba. Nami nikamsomea Fatiha, yeye peke yake. Kumbe mama naye alikuwa ameshazikwa.

Niliporudi na kupata habari, kesho yake nilikwenda Ganda, shambani kwa Amu Bakari.

"Msafiri haambiwi msiba," akasema. "Ndivyo tulivyolelewa. Ungelia na nani huko, mwanangu?"

"Ningelia na Mama Fumiko. Na alipokuwa mgonjwa tu, kabla ya msiba?"

Akainama. "Kitonga alinisihi. Alisema ukirudi, nafasi imekwenda. Nikaona nisikuharibie."

Amu namhurumia, alidhani ananitunza. Kitonga simhurumii. Mila yetu haikumhusu. Yeye alitaka mtu wa kuwapokea wageni wake, na nikawapokea, nikicheka nao, miaka.

Nilichojifunza Japani ni kwamba wale watu hawamfichi mtu maiti wake. Nilichojifunza kwetu alinieleza Mwanaisha. Mama aliniulizia mpaka mwisho. Alikuwa akiambiwa niko njiani, nimeshafika Nairobi, kesho naingia. Alikataa mlango ufungwe. Alikata roho akinisikilizia.

Mwanaisha hakutaka kusema nani alimwambia hivyo. Sasa nimekuwa mtu mzima, na nyinyi wawili bado mko hai, mmoja Ganda, mmoja Mnarani. Amu Bakari, Kitonga: ni nani kati yenu aliyekaa kando ya kitanda cha mama yangu akamwambia niko njiani? Nataka aje Barani, aketi mbele yangu na Mwanaisha, aseme kwa kinywa chake.