Boksi Lililoingia Kikapuni

Shangazi yangu Kemuma hajawahi kuacha kugonga vitu. Boga, mlango, tangi la maji, hata mkate dukani Nyaramba: hugonga kwa kifundo cha kidole, huinamisha kichwa, husikiliza. Kisha husema kama kitu ni kizima au kimeoza ndani, na ni nadra kukosea.

Ana miaka sitini na mmoja. Asubuhi huchuma chai. Kwenye harusi hupiga gitaa, tangu nikiwa mtoto. Lakini Aprili mwaka huu aliaibika Keroka. Spika yake kuukuu haikusikika kupita safu ya tatu, wageni wakamgeukia dijei, naye akafunga gitaa kabla keki haijakatwa. Sasa Nyamoita, binti wa jirani yake, alikuwa anaolewa Nyansiongo, na upande wa bwana harusi ulikuwa umetuma neno: akisikika hadi mwisho wa hema, atapiga mchana kutwa, asiposikika, dijei yuko tayari. Shangazi alijua kwamba akishindwa hapo, hakuna atakayemwalika tena.

Kwa hiyo Alhamisi nilimpeleka Kisii, dukani kwa Harish. Alishuka garini na gitaa, amplifaya yake ndogo, na kikapu cha kuchumia chai mgongoni.

Harish alimwonyesha boksi la spika nne. Shangazi alipiga nyuzi mbili tu, vioo vya kabati vikatetemeka. Mteja aliyekuwa akichagua balbu aliziacha zote kaunta. Shangazi alikuwa akicheka kama msichana, na mimi, ambaye sichangamki upesi, nikajikuta napiga makofi. Akagonga ubavu wa boksi: mbao nzima. Kisha akavua kikapu na kujaribu kuliingiza. Hata kona moja haikuingia.

"Mama, hiyo si majani chai," Harish alimwambia.

"Barabara inaishia mtoni," shangazi akajibu. "Kutoka pale ni daraja la miti na mgongo wangu. Kisichoingia kikapuni hakifiki kwangu."

Harish akasema vijana wa kubeba hawakosekani. Shangazi akasema siku ya harusi vijana wote huwa wamevaa suti.

Riddhi, bintiye Harish, akamuuliza spika ya zamani alikuwa akiiweka wapi. Chini, kando ya kiti, kama nyumbani. Hata Keroka? Hata Keroka.

"Basi, Mama, ulikuwa unapigia viatu," Riddhi alisema. "Spika ya gitaa hutupa sauti mbele moja kwa moja. Haina shingo ya kuinua uso."

Akaleta boksi la spika moja, inchi kumi na mbili, la plaiwudi, lenye ukinzani wa umeme wa omu nane kama amplifaya ilivyotaka. Shangazi aligonga mara mbili. Likaingia kikapuni kama lililopimiwa humo. Nyumbani, kwa sauti ya chini, lilijaza chumba bila kumwamsha mjukuu kwenye kochi. Lakini hema?

Jumapili, siku ya harusi, tulikuta hema refu kuliko tulivyoambiwa, na kila meza imebeba chakula. Shangazi akatoa boksi, akakipindua kikapu juu chini, akakigonga, akaliweka boksi juu yake, uso umeinuka kidogo. Dijei alitabasamu. Mimi nilitumwa nyuma kabisa na leso, niipunge nikisikia.

Sikuipunga. Kabla sijainua mkono, wanawake waliokuwa wakisonga ugali nje ya hema, nyuma yangu, walinipita wakicheza, miiko mikononi. Saa tisa dijei alikuja kuuliza boksi lile lilinunuliwa wapi.

Jioni nilimshusha mtoni, nikamsaidia kuvaa kikapu. Nilimtazama akivuka polepole, nikafikiri kwamba iko siku daraja lile litamshinda. Alipofika ng'ambo aligeuka.

"Mwambie Riddhi aniwekee pacha wa boksi hili," alisema. "Kikapu hakikatai safari ya pili."