Mjukuu Ndani ya Kompyuta Kuukuu

Mzee Mitambo, kama mtaa ulivyomwita kwa kejeli, alikuwa na kompyuta kuukuu aliyoipenda kuliko akili zake. Binti yake, aliyejifungua ng'ambo, alituma video ya mtoto kwa simu ya jirani. Mzee alikataa kuitazama humo.

"Simu ni ya wavivu. Nitilieni kwenye flashi."

Kompyuta ikaigomea video hiyo. Mzee akaigeuza iwe ya mfumo wa zamani, akaipunguza ukubwa, akaipunguza tena, mpaka ikacheza.

"Haya, mama watoto, njoo umwone mjukuu!"

Mkewe alitaka kujua jambo moja tu: kama mtoto amerithi kishimo cha shavuni cha marehemu mama mkwe wa mzee. Akakaza macho. Kwenye kioo vilitikisika viraka vinne vya rangi ya udongo.

"Baba watoto, huyu ni mtoto au tofali?"

"Macho yako ndiyo yamechakaa. Mashine ni nzima!"

Mkewe akavaa ndara, akaenda kwa jirani. Alirudi akicheka huku anafuta machozi.

"Anacho! Shavu la kushoto."

"Si nilikuonyesha?" mzee alisema, akigusa kiraka cha kushoto. "Hiki hapa. Hamna subira tu."