Peni Aliyoiona Mke Wangu

Mke wangu alikuwa fundi wa nguo, na mimi nilikuwa karani wa faili katika ofisi moja ya serikali katikati ya Nairobi. Tulipanga vyumba viwili Satellite, upande wa Riruta. Kimoja tulilala sisi na watoto, kingine kilikuwa cha cherehani yake. Nasema yake kwa sababu aliinunua kabla hatujaoana, kwa pesa za kushona sare za shule huko kwetu Ukambani. Sikuwahi kuichangia hata uzi.

Mambo ya sarafu niliyaanza mimi. Hilo naweza kulidai bila kudanganya. Ilikuwa miaka ile ya kwanza baada ya Uhuru, pesa mpya za Kenya zimeshatoka, lakini zile za zamani za Afrika Mashariki, zenye tundu katikati, bado ziko mifukoni mwa watu. Siku moja saa ya chakula cha mchana nilipita mtaa wa Biashara nikaona, katika dirisha la duka la stempu, peni ya tundu. Senti kumi tu, kama zile tatu nilizokuwa nazo mfukoni. Imelazwa juu ya kitambaa cheusi na kubandikwa bei ya shilingi arobaini. Niliingia kuuliza kama bei ile imekosewa.

Mwenye duka, mzee wa Kihindi mwenye miwani minene, aliitoa akaiweka kiganjani mwangu. "Tazama vizuri," alisema. "Tundu imekwenda kando. Iliharibika kiwandani. Hizi nzuri zote ni senti kumi. Iliyoharibika ndiyo watu wanatafuta."

Kuanzia wiki hiyo nikawa mtu wa kutafuta zilizoharibika. Kila Ijumaa nilikwenda benki na sehemu ya mshahara, nikaomba nipewe sarafu. Benki ilizifunga katika misokoto ya karatasi ngumu, na nyumbani watoto waliiita mishumaa. Jumamosi ofisi ilifungwa saa saba, nami nilikimbia nyumbani, nikapasua mishumaa juu ya meza ya kukatia vitambaa, nikageuza peni moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Jumatatu nilizirudisha benki nyingine, maana karani wa ile benki ya kwanza alikuwa ameshaanza kuniuliza, "Bwana, hizi pesa zetu zina ubaya gani?"

Kwa miezi minne sikupata kitu. Peni ilikuwa peni. Mke wangu alinung'unika kwa sababu nilimchukulia meza siku ambayo wateja wake wengi walikuja kupimwa, lakini aliniacha. Kisha Jumamosi moja, akingoja pasi ya makaa ipate moto, alikaa upande wa pili wa meza akavuta fungu la sarafu mbele yake.

"Tunatafuta nini?" aliuliza.

"Kitu chochote ambacho si sawa."

Alizigeuza haraka, kwa ncha ya kidole, kama anavyokagua pindo. Sidhani robo saa ilipita. Alisimamisha kidole, akaiinua peni moja, akaisogeza dirishani.

"Hapa sindano imepita mara mbili," alisema.

Nilichukua ile peni. Sikuona kitu. Nilichukua kioo cha kukuzia nilichonunua kwa yule mzee wa stempu, na hata kwa kioo ilibidi anielekeze kwa ncha ya pini. Karibu na tarakimu za mwaka palikuwa na herufi moja ndogo, alama ya kiwanda. Chini ya herufi ile, imefunikwa lakini haikufutika, palikuwa na herufi nyingine. Mtu huko ng'ambo alikosea alama, akapiga ya pili juu yake, akadhani hakuna atakayeona. Na kweli hakuna aliyeona, miaka yote ile, mikono yote ile, mpaka ilipomfikia mwanamke aliyekuwa akingoja pasi.

Nilifurahi hata nikamwinua kutoka kwenye kiti. Watoto walipiga kelele. Yeye alicheka akasema niiweke mahali salama, makaa yanazima.

Mzee wa stempu aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia hana uwezo wa kuinunua. Badala yake alinipa anwani ya watu wa Karen. Kila mwezi wapenzi wa sarafu walikutana huko, nyumbani kwa Mzungu mmoja aliyekuwa mpima ardhi kabla ya kustaafu. Niliandika barua. Jibu lilikuja limepigwa taipu: nakaribishwa, na mke wangu pia.

Alishona gauni jipya kwa ajili ya siku ile, la kijani, kola ndogo nyeupe. Tulishuka kwenye basi tukatembea kati ya zile nyua ndefu za miti, mimi na peni yangu ndani ya kiberiti kilichojazwa pamba. Naona nimesema peni yangu. Hata leo, nikiandika haya, ulimi unakwenda huko wenyewe.

Kwenye veranda walikuwa watu kumi hivi, Wazungu na Wahindi, na Mwafrika mimi peke yangu pamoja na mke wangu. Peni ilipitishwa mkono hadi mkono chini ya kioo. Mmoja baada ya mwingine aliguna, akatikisa kichwa, akanitazama upya. Ni vigumu kumweleza kijana wa sasa macho yale yalikuwa na maana gani kwangu. Ofisini nilikuwa na mkubwa aliyeniita kwa kugonga meza. Hapa wanaume wenye mvi walinivutia kiti.

Mwenye nyumba akasema kwa Kiingereza, "Tuambie. Nani aliiona, na aliionaje?"

Mke wangu alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu, mikono juu ya mapaja. Kiingereza alikisikia vizuri. Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la saba. Nilimwona kwa pembe ya jicho akiinua uso kidogo, kama mtu anayejiandaa kuitwa jina.

"Niliiona mimi," nikasema.

Ningeweza kuishia hapo, na labda lingekuwa kosa la ukubwa wa kawaida. Lakini walisogea karibu, na nilipenda walivyosogea. Nikasimulia dirisha, nikasimulia mwanga, nikasimulia kidole kilivyosimama. Na mwisho, kwa kuwa hadithi ilihitaji mwisho, nikasema, "Nikajiambia, hapa sindano imepita mara mbili."

Walicheka kwa furaha. Mmoja alirudia maneno yale polepole, akayasifu. Wakapiga makofi.

Mke wa mwenye nyumba, aliyekuwa akigawa chai, aliinama kwa mke wangu na kumuuliza kwa Kiswahili chake cha jikoni, "Na wewe, mama, napenda pesa ya zamani?"

"Hapana, memsaab," alijibu. "Mimi ni fundi wa nguo tu."

"Hii gauni nashona wewe?"

"Ndiyo."

Peni ilinunuliwa siku ile ile na daktari mmoja wa Kihindi, mtu mpole, kwa shilingi mia tatu. Haukuwa wizi, baadaye nilikuja kujua kwamba ilikuwa bei ya haki. Natamani angenipunja. Ningekuwa na mtu wa kumlaumu.

Tulitembea kurudi kituo cha basi. Karibu na barabara kuu nikashindwa kuvumilia.

"Umekasirika?"

"Kusema uliiona wewe, sawa. Wewe ndiye ulileta mishumaa. Lakini hata maneno yangu umeyachukua, baba watoto."

"Ni kusema tu. Watu wale hawangeelewa kama ningeanza kueleza mambo ya mke na pasi."

"Hukuwapa nafasi ya kuelewa wala ya kutoelewa."

Nilimnunulia doti la kitenge, la bei. Alishukuru, akalipokea kwa mikono miwili. Wiki iliyofuata niliona kitambaa kile kimekuwa gauni la jirani yetu, limelipiwa. Pesa aliziweka katika kopo la karo ya watoto. Zile mia tatu nilinunulia koti la kuendea Karen.

Nilikwenda miezi mitano au sita mfululizo, peke yangu. Mke wangu hakukataza, wala hakuuliza habari za huko. Na Jumamosi, nilipopasua mishumaa, alihamisha kazi yake kitandani akashona amenipa mgongo. Nilimwita mara moja, nikajifanya nina mashaka na peni fulani. Alisema macho yamechoka. Wakati huo alikuwa akitunga uzi kwenye sindano kwa jaribio la kwanza, bila kuulamba.

Kisha tangazo likatoka kwamba pesa za zamani zitaacha kutumika. Mwenye nyumba wa Karen alikuwa amekusanya mfuko mzima wa peni za tundu kutoka kwa wenye maduka, akaniita mbele ya wenzake wote. "Wewe mwenye macho," alisema, "nenda nazo. Tuchagulie zilizo na kasoro kabla hazijarudi benki kwenda kuyeyushwa." Nilibeba mfuko ule mpaka Satellite begani, nikiwa na fahari na hofu.

Niliuweka juu ya meza. "Nisaidie," nikamwambia mke wangu. "Safari hii nitawaambia."

Aliutazama mfuko. Nilifikiri anafikiria. "Macho ni yako," alisema hatimaye. "Walikupigia wewe makofi." Hakusema kwa ukali. Aliendelea kukata suruali ya mteja.

Jumamosi tatu niligeuza peni zile. Mpaka leo naikumbuka harufu ya shaba kwenye vidole, na mgongo ulivyouma. Nilitenga sarafu nane nilizozitilia shaka, nikarudisha mfuko Karen. Yule daktari alikagua zile nane, akazirudisha moja moja kwenye meza. Mikwaruzo ya kawaida, alisema. Kisha, bila nia mbaya, akitaka tu kuupitisha muda, akachota konzi ya sarafu kutoka kwenye mfuko niliosema hauna kitu. Alizigeuza huku akinywa chai. Alipofika kama ya ishirini akaacha kikombe.

Ilikuwa na herufi juu ya herufi. Kosa lile lile. Kosa nililowasimulia kwa maneno mengi.

Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mwenye nyumba alisema, "Hutokea." Mazungumzo yakahamia mambo ya mvua. Mwezi uliofuata barua ya mkutano haikuja, wala mwezi wa pili. Nilijiambia ni ubaguzi, na ofisini niliwaambia wenzangu hivyo hivyo, tena kwa uchungu wa kweli. Ubaguzi ulikuwepo mwingi Nairobi ile. Ulitosha kumfunika mtu na uongo wake.

Aliyeendelea kwenda Karen ni mke wangu. Mama wa nyumba ile alikuwa amekumbuka gauni la kijani, akatuma mtu kumtafuta. Mara mbili kwa mwezi alikwenda kupima na kupeleka nguo, akiingia kwa mlango wa nyuma, kisha akapata kazi kwa majirani wa mama huyo, mpaka akaajiri msichana wa kumsaidia na kununua cherehani ya pili. Watoto wetu walisomeshwa na kazi ile zaidi kuliko mshahara wangu. Nilimuuliza siku moja, nikijifanya siulizi, "Umewaambia wale?"

"Niwaambie nini?"

"Habari ya peni."

"Nikienda huko nakwenda kushona," alisema.

Niliendelea kupasua mishumaa kwa miaka, sarafu mpya sasa, zisizo na tundu. Sikupata kitu. Nilijua sitapata. Nadhani niliendelea kwa sababu kuacha kungekuwa sawa na kukiri.

Nilikiri katikati ya miaka ya sabini, siku ya Jumapili tukitoka kanisani. Hapakuwa na sababu maalumu. Watoto walikuwa wametangulia. Nilimwambia kwamba nilikosea siku ile kwenye veranda, kwamba nilichukua kitu chake mbele ya watu, na kwamba ninaomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa wiki nzima.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alibadilisha Biblia kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

"Nilingoja useme," alijibu. "Lakini nilingoja useme kule. Hapa mimi najua tayari. Mtoto wangu mkubwa anajua, alikuwepo nilipoiona. Unamwambia nani?"

"Nitakwenda kule niwaambie."

"Wameuza nyumba. Wamerudi kwao mwezi wa tatu. Nilimshonea mama gauni la safari." Aliharakisha hatua kidogo ili awafikie watoto. "Na yule daktari alishahamia Kanada. Hukujua?"

Sikujua. Yeye ndiye aliyekuwa na habari zao zote. Nilibaki nyuma, nikiwa nimevaa lile koti. Nyumbani alipakua chakula, akaniwekea nyama iliyo nzuri kama kawaida yake, tukala, akaniuliza kama chumvi imetosha.