Kipande cha Sare Kilichozungushiwa Denteli

Juma hili, kwenye kaunta ya mpakani Rusizi, vita vikiwa bado vinaendelea ng'ambo ya mto, nikiwa kwenye foleni, nilimwona afisa akipekua daftari la mama mmoja, fundi cherehani wa mji wa Kamembe. Kila ukurasa ulibandikwa kipande cha nguo ya mteja, pembeni pamechorwa maua ya rangi na kuandikwa maneno ya Zaburi. Ghafla kidole cha afisa kikasimama: kipande cha sare ya jeshi, kimezungushiwa denteli, lesi nyeupe ya kupambia.

"Maman, hii umeitoa wapi?"

"Ni ya askari. Aliniletea suruali nifupishe, akavuka kwenda vitani. Kila muntu ninayemshonea, ninabakiza kipande, namuombea."

"Sala gani iko na maua na denteli?"

"Papa, Mungu anajua mimi niko fundi. Nikimuletea karatasi tupu, atauliza huyu ni nani."

Afisa akashika ukurasa kutaka kuuchana. Mama akaweka kiganja juu ya ukurasa na hakukiondoa. Foleni nzima tukasogea kutazama.

"Na kama huyo askari alishakufa?" afisa akauliza.

"Suruali yake iko tayari, nimeipiga pasi. Sijaambiwa niiuze."

Afisa akaachia. Siku hizi kila anayevuka huulizwa yuko upande gani. Mama huyu anamwombea yeyote mwenye suruali ndefu kupita miguu yake.

Alipochukua daftari lake, alitazama mkono wa shati la afisa. Mshono ulikuwa umefumuka.

"Ulete kwangu," akamwambia. "Lakini nitabakiza kipande."